Mruhusu Sabina Aje Mbinga

Mbinga Mjini,
Jumapili jioni

Dada yangu Bertha,

Shikamoo. Shikamoo tena, maana ya kwanza ni ile ya kila siku, na hii ya pili ni ya kukuomba unisikilize mpaka mwisho. Goti lako linaendeleaje? Yule jirani aliyeniletea dagaa wa usipa aliniambia siku hizi unapanda mpaka kanisani bila fimbo, nikafurahi hadi nikamwongezea kikombe cha chai. Na mama je, anakula? Au bado anasusa ugali wa mahindi na kudai kwamba wa muhogo ndio chakula, mwingine wote ni kujaza tumbo? Usipa wako umefika salama, mkavu, hauna chembe ya mchanga. Nimewagawia wasichana wangu wa kazini. Hawa Wamatengo wanaukaanga na nyanya nyingi mpaka unasahau kama ulitoka ziwani, lakini sahani hairudi na kitu.

Mimi ni mzima, ukiacha mkono wa kushoto ambao nitakueleza. Baridi ya huku unaijua kwa kusikia tu. Asubuhi ukungu umelala juu ya mabati, na maji ya ndoo yanauma vidole. Navaa sweta mbili na bado najikunyata. Kazi ipo, namshukuru Mungu. Kahawa inavunwa, watu wanataka nguo za kipaimara, za harusi, sare za watoto. Cherehani hazipoi.

Sasa nije kwenye lililonikalisha mezani. Nimepata ujumbe wako juu ya binti yako kuja kwangu kujifunza kushona. "Sabina haji tena." Maneno matatu. Nilipiga simu, haikupokelewa. Nikapiga tena, akapokea shemeji, akasema umekwenda shambani, huku nakusikia nyuma yake ukikohoa. Sikukasirika, dada. Nimejua ni habari gani iliyokufikia. Umeambiwa mdogo wako aliokotwa barabarani usiku, hana viatu, ananuka pombe, akapelekwa polisi. Na kinachoniuma ni kwamba aliyekuambia hakusema uongo wote. Viatu kweli sikuwa navyo. Polisi kweli nilifika. Pombe kweli ilinuka kwenye nguo zangu. Lakini yeye aliuona mkia, mnyama hakumwona. Ndiyo maana nakuandikia mwenyewe. Ukimaliza kusoma mpe Sabina naye asome, usimfiche hata mstari mmoja.

Wasichana wangu wawili unawajua kwa majina. Telesfora kwao ni Namswea, ana miaka minne kwangu. Mkono wake ni mwepesi kwenye cherehani, na mdomo wake ni mwepesi zaidi. Joyce alikuja mwaka jana, ana miaka ishirini, mkimya, ana daftari la vipimo ambamo huandika kila kitu, hata rangi ya uzi aliotumia juzi. Basi Telesfora alichumbiwa na mwalimu mmoja wa Songea, mahari ikapokelewa, siku ikapangwa. Siku moja tunafunga duka akaniambia, "Mama, kabla sijaondoka tutoke Jumamosi moja. Tukae mjini kama watu. Miaka minne mjini sikuujua zaidi ya duka la vitambaa na kanisa."

Sikutaka. Unanijua. Tangu marehemu mume wangu atangulie, jua likizama mimi niko ndani. Na msimu huu mji umejaa: wanunuzi wa kahawa, madereva, wakulima waliouza wakapata cha mfukoni, na watu wanaowafuata hao waliouza. Jumamosi muziki unatoka kila mlango, kuanzia stendi mpaka sokoni. Lakini nilimtazama yule binti aliyenishonea suruali na mashati miaka minne bila kunung'unika, nikaona nikikataa nitakuwa nimemnyima kitu kidogo sana. Nikasema sawa, ila kwa masharti.

Wiki nzima niliwahubiria kwenye meza ya kupigia pasi. Tumekwenda watatu, tunarudi watatu. Kinywaji kinafunguliwa mbele ya macho yako, na ukikiacha mezani ukaenda kucheza, hicho si chako tena. Simu ijae chaji. Mwenye nyumba ajue tunakwenda wapi. Na tutarudishwa na Bosco, yule dereva wa bodaboda wa kijiwe cha sokoni, baba wa watoto watatu, anayetupelekea nguo kwa wateja. Atakuja na mwenzake saa nne kamili, atusubiri mlangoni. Telesfora akawa ananiita Mama Askofu. "Mama Askofu, na kucheka je, kunaruhusiwa?" Hata Joyce alicheka, na Joyce kucheka ni nadra.

Tulikwenda mahali pazuri, dada, si kichochoroni. Pana ukumbi mbele, taa nyingi, nje muuza mishkaki na jiko lake. Tukala kuku na ndizi za kuchoma. Mimi na Joyce tukanywa soda, Telesfora akanywa bia yake moja, sikumkataza, ni mtu mzima. Muziki ulikuwa mkubwa lakini mzuri. Nilijikuta natikisa mguu chini ya meza. Joyce alichukua simu yangu atupige picha, maana yangu ina kamera nzuri, akaitia kwenye mkoba wake. Kumbuka hilo.

Mara mhudumu akatuletea soda tatu ambazo hatukuziagiza, vizibo vimeshaondolewa. Akaonyesha kwa kidevu, zimetoka kwa bwana yule pale, mwenye viatu vinavyong'aa. Nikamwambia mhudumu, "Mrudishie, mwambie tunashukuru, tumeshiba." Yule bwana akaja mwenyewe. "Mama, mbona unanidharau? Mimi ni mnunuzi wa kahawa, si mwizi." Nikamwambia, "Baba, sikudharau. Ila soda yangu naipenda ikipiga kelele inapofunguliwa." Meza ya jirani wakacheka, yeye akaondoka. Mpaka leo sijui kama zile soda zilikuwa na kitu au zilikuwa soda tu, na sitaki kumsingizia mtu. Lakini nilijiona mjanja sana, dada. Na hapo nilipojiona mjanja ndipo nilipoanza kuharibu.

Ilipofika saa tatu na nusu nikasema tuanze kujiandaa. Telesfora alikuwa amekutana na wasichana wa saluni anaowafahamu, wanacheza, jasho linamtoka, furaha imemjaa. Akasema, "Bado mapema, Mama. Tuongeze saa moja, nitampigia Bosco." Nikasema hapana, tulikubaliana. Akasema ni usiku wake wa mwisho. Nikamshika mkono, akauvuta, glasi ya bia ikanimwagikia kifuani mpaka kwenye kitenge. Watu wakageuka kutazama. Aibu ikanipanda, nikamsemesha kwa sauti ambayo sikupaswa kuitumia mbele za watu. Naye akajibu, "Mama, wewe si mama yangu."

Wewe unajua, dada, kwa nini neno lile lilinichoma. Watu wengine wangeliona dogo. Wewe ulikuwepo hospitali ile mara zote mbili, ulinibeba nikitoka bila mtoto.

Nilichukua mtandio wangu nikatoka. Joyce alikuwa chooni. Sikumsubiri, sikumwachia ujumbe, simu yangu iko mkobani mwake, na mimi, Mama Askofu, niliyehubiri wiki nzima watatu waende watatu warudi, nikatoka peke yangu kwa hasira.

Nje kulikuwa na ukungu na baridi kali. Bosco hajafika, bado dakika ishirini na kitu. Pembeni kidogo ya jiko la mishkaki kulikuwa na pikipiki moja, tangi jekundu, dereva amekaa juu yake. Nikamuuliza, "Bosco wa sokoni hujamwona?" Akanitazama kidogo, akasema, "Bosco? Ndiye amenituma, mama. Amepata mteja wa mbali, akasema nije nikuchukue."

Umeona nilivyofanya? Jina nililitaja mimi. Yeye alilipokea tu akanirudishia. Siku nyingine ningelistuka. Lakini nilikuwa na machozi machoni, nataka kufika kwangu nijifungie, nikapanda. Nilikaa upande kwa sababu ya kitenge, na hiyo ndiyo ikaniokoa.

Njia ya kwangu ni kukata juu kupita kanisani. Yeye akashika barabara ya kuteremka Mbamba Bay. Nikamwambia, "Baba, umepotea njia." Akasema, "Huko juu trafiki wamesimama, tunazunguka." Taa za mji zikaisha, ikabaki mashamba ya kahawa huku na huku. Nikasema tena, "Nishushe hapahapa, nitatembea." Akaongeza mwendo. Nilikuwa nyuma yake, uso wake siuoni, naona koti lake tu. Bega la kushoto lilikuwa limechanika na kushonwa kwa uzi mweupe juu ya kitambaa cheusi, mishono mirefu, imepinda, imevutwa mpaka kitambaa kimejikunja. Fikiria, dada, mtu uko katika hali ile na bado unatazama mshono. Ndiyo kazi ilivyotuharibu.

Mbele kidogo nikaona tochi inawaka na kuzimika, kuwaka na kuzimika, pembeni ya barabara. Nikajua wako wawili. Kabla ya kuifikia tochi kulikuwa na tuta, na pikipiki hata iwe ya nani, kwenye tuta itapunguza. Nikasema, Ee Bwana, nikajiachia.

Niliangukia mkono wa kushoto, nikausikia ukilia. Pikipiki iliyumba ikaenda chini, nikamsikia akitukana. Sikuangalia nyuma. Niliingia kwenye kahawa nikiwa natambaa, viatu vikabaki barabarani, nikalala kifudifudi chini ya mibuni kwenye majani yenye umande. Nikawasikia wakija. "Kizee kimeingia wapi?" "Wewe ulikuwa unazembea, umemwachiaje?" Mwanga wa tochi ukapita juu ya mgongo wangu, ukarudi, ukapita tena. Nilijiambia, Eufrasia, usipumue. Na mkono unaniuma kiasi kwamba niliuma mtandio. Kisha gari likaja linapanda kutoka ziwani, taa zikamulika barabara yote, wakawasha pikipiki wakaondoka. Niliendelea kulala pale, sijui muda gani, nikiogopa hata kimya chenyewe.

Nilipoinuka niliona taa moja ya nyumba upande wa juu. Nikaenda peku. Nikabisha. Sauti ya mwanamke mzee ikauliza kitu kwa Kimatengo. Nikajibu, "Bibi, sisikii Kimatengo, mimi ni mtu wa ziwani. Nisaidie, nimewaponyoka wezi." Dirisha likafunguka kidogo. Akanimulika. Fikiria alichokiona: mwanamke wa miaka arobaini na saba, kichwa wazi, peku, matope mpaka usoni, ananuka bia. Akasema, "Umelewa." Nikasema, "Sikunywa, bibi. Nilimwagikiwa." Ningekuwa mimi ndani, dada, nisingefungua.

Akauliza, "Ziwani wapi?"

"Lundo."

"Lundo ni mbali. Mwizi gani atoke Lundo aje kuniibia mimi bila viatu?" Akafungua.

Anaitwa Bibi Leokadia. Anaishi na mbuzi wake wawili, wanawe wako mbali. Alinikalisha kwenye kigoda karibu na moto, akaufunga mkono wangu kwa kipande cha kanga, akanipa uji. Alikuwa na simu ndogo ya tochi. Akaniambia, "Piga kwenu waje." Nikaishika ile simu, na hapo nikatambua kwamba sijui namba ya mtu yeyote. Ya Bosco, ya Joyce, ya mwenye nyumba, zote zimo kwenye simu yangu, kichwani hakuna hata moja. Namba moja tu niliyoikumbuka, kwa sababu niliishika zamani, tulipokuwa tunaandika namba ukutani kwa mkaa. Yako, dada. Nikakupigia. Haikupatikana. Najua usiku mtandao wa huko ni wa bahati. Sikulaumu hata kidogo. Lakini nilitaka ujue kwamba usiku ule wewe ndiye niliyekupigia.

Sasa nikuambie walivyofanya wenzangu, maana hii ndiyo sehemu ambayo mleta habari wako hakuiona.

Joyce alitoka chooni, hakuniona. Akamuuliza Telesfora, akajibiwa, "Amekasirika, ameenda." Joyce akasema, "Hawezi kwenda, simu yake ninayo mimi." Hakungoja kubishana. Alitoka nje akamuuliza muuza mishkaki, na yule baba alikuwa ameona kila kitu: pikipiki yenye tangi jekundu, haina namba nyuma, dereva hana kizibao cha kung'aa, wameshuka barabara ya ziwani. Joyce akaandika kwenye daftari lake palepale chini ya taa. Bosco akafika wakati huohuo, akasema, "Mimi sijamtuma mtu." Telesfora alipolisikia neno hilo, Joyce ananiambia, aliketi chini barabarani kama mtu aliyekatwa miguu. Kisha akainuka. Bosco akawapigia wenzake wa kijiwe, wakaja wanne. Mmoja akaenda kituo cha polisi kutoa taarifa, waliobaki wakateremka barabara polepole, wakimulika kila upande. Kwenye tuta wakaviona viatu vyangu.

Mimi niko kwenye moto nanywa uji, nikasikia sauti kule barabarani. Nilidhani wale wawili wamerudi, nikamshika Bibi Leokadia goti. Halafu sauti ikaja tena, imekauka, inapasuka. "Mama! Mamaaa! Mama Eufrasia!" Ilikuwa sauti ya Telesfora. Alikuwa anaita nyumba kwa nyumba, akisimama kila mlango. Bibi Leokadia ndiye aliyetoka akaita, "Mama yenu yuko huku!"

Aliingia akanikumbatia na mkono mbovu na mzima vyote pamoja, nikapiga kelele ya maumivu, tukalia wote, hata mbuzi waliamka. Sitakuandikia yote. Mengine hayaandikiki.

Bosco akasema twende kituoni usiku uleule. Nilitaka kwanza kuoga, kubadili nguo, nifanane na mtu. Akasema, "Mama, kesho utakuwa umesahau nusu. Twende hivyohivyo." Ndivyo nilivyoonekana kituoni na asubuhi yake hospitalini, peku na kitenge kinanuka bia, na ndivyo habari ilivyopanda basi la kwanza kuja kwenu kabla yangu. Askari aliyetupokea alikuwa mwanamke, alinisikiliza bila kunikatiza. Joyce akamsomea daftari. Mimi nikaeleza ule mshono: uzi mweupe, bega la kushoto, umevutwa. Askari akacheka kidogo, akasema hajawahi kuandika maelezo ya namna hiyo. Nikamwambia, "Andika, mwanangu. Umeshonwa na mtu anayechukia sindano, hakuna wawili."

Na hakukuwa na wawili. Baada ya siku tisa pikipiki ilikutwa kwa fundi, imeanza kupakwa rangi nyingine, na watu wawili wakakamatwa. Nikaitwa, nikaonyeshwa makoti kadhaa. Nikaligusa moja. Niliongea bila kukwama. Mwanamke mwingine naye alijitokeza, mwuguzi, alifanyiwa hivyohivyo mwezi uliotangulia akaona aibu kusema. Tulikaa benchi moja pale nje, akanishika kiganja. Kesi iko mahakamani, haijaisha, nami siahidi itakavyokwenda. Lakini tumesema.

Mfupa mdogo wa kifundo cha mkono, hapa karibu na kiganja, ulipata ufa. Nimefungwa plasta, wiki ijayo inatolewa. Nakata kitambaa kwa mkono mmoja, Joyce ananishikia upande wa pili.

Dada, nisikufiche. Siku zile za kwanza nilitaka kufunga duka nirudi Lundo. Nilikuwa nikisikia pikipiki nje natoka jasho. Telesfora alikuja akaketi kitandani kwangu, akasema, "Mama, nilisema neno baya." Nikamwambia, "Hukusema uongo. Sikukuzaa." Akasema, "Hukunizaa. Lakini kule barabarani sikuwa na neno lingine la kuita." Halafu akanilaumu, tena kwa ukali wake wa kawaida, kwamba hasira yake ilikuwa ya mdomo, yangu ilikuwa ya miguu, na ya miguu ndiyo iliyotaka kuniua. Ana haki. Nilimwomba radhi na yeye, ingawa ni mdogo.

Kisha akaja Bosco na viongozi wa kijiwe chao. Wakaniambia jambo lile limewatia doa wote, abiria wanaogopa kila pikipiki. Wanataka vizibao vyenye namba kubwa mgongoni, si zile ndogo zinazofutika, na kila namba na jina la mwenyewe viandikwe kwenye ubao pale kijiweni na kwenye kumbi za mjini. Wakaniuliza kama naweza kushona. Dada, nilishona vizibao ishirini na sita kwa mkono mmoja na nusu. Namba ni kubwa hivi kwamba hata mimi bila miwani naisoma ng'ambo ya barabara. Sasa pikipiki ikinipita usiku macho yangu yanakwenda mgongoni kwanza, nikiona mshono wangu napumua. Na Joyce ndiye aliyefikiria kwamba abiria asitaje jina la dereva, dereva ndiye ataje neno mlilokubaliana. Wanawake wa saluni na wa sokoni wamelishika hilo haraka sana.

Jumamosi, si ya jana, ile iliyotangulia, Telesfora akasema hakuagwa. Ile ya kwanza haikuhesabiki. Nilitaka kusema tumuagie nyumbani, nipike. Joyce, yule mkimya, akasema, "Tukijifungia, Mama, watakuwa wameiba na mji." Nikavaa. Vifungo vilinishinda, si kwa sababu ya plasta tu. Tukaenda mahali palepale. Muuza mishkaki alinipa kijiti kimoja bila kuniuliza, akasema, "Karibu tena, mama." Tukala. Simu yangu ilikuwa kifuani mwangu. Walipocheza nikawashikia vinywaji, halafu Joyce akaja akasema, "Zamu yangu kushika," akanisukuma katikati. Nikacheza, dada. Na plasta yangu juu hewani kama nabariki watu. Telesfora alicheka mpaka akashika mbavu. Saa tatu na nusu ilipofika, yeye ndiye aliyesema, "Mama Askofu, muda." Tukatoka watatu. Bosco akatutajia neno letu, tukapanda, tukapita njia ya kanisani, nikafika kwangu nikalala usingizi mzito mpaka ibada ya kwanza ikanipita.

Telesfora ameondoka juzi kwenda Songea kwa mwalimu wake. Cherehani yake iko dirishani, imefunikwa kitambaa. Ndiyo niliyomwekea Sabina.

Sikuombi umruhusu kwa sababu mji ni salama. Mji si salama, kama ziwa lisivyo salama, na shemeji huingia ziwani kuvua kila penye giza. Humzuii. Unataka tu kujua amekwenda na nani, mtumbwi gani, na atarudi saa ngapi, na akichelewa unatoka ufukweni na taa kuita. Nami nilichokipata Mbinga ni hao wa kutoka na taa kuita. Sabina atakuwa na mimi, na Joyce, na Bosco na mkewe, na Bibi Leokadia ambaye sasa kila Jumapili anakuja kula kwangu na kunikosoa ugali. Binti yako ana miaka kumi na tisa. Ameshika mkasi tangu mdogo, ameshakata mapazia yako mara ngapi? Ukimfungia Lundo, atajifunza kuogopa tu. Akija hapa, atajifunza kushona, na atajifunza pia kutoka na kurudi.

Plasta ikitolewa nitateremka na basi la Ijumaa nije mwenyewe. Usinijibu kwa simu. Ngoja nifike, unitazame usoni, uone kama huyu ni mtu wa kuaminiwa na binti. Ukikataa tutakula samaki, nitalala siku mbili kwa mama, nirudi peke yangu na bado utakuwa dada yangu.

Msalimie mama, mwambie mtoto wake wa mwisho anasali. Msalimie shemeji, na umwambie ni mwongo mbaya, akohoe yeye siku nyingine. Msalimie mjomba Oswin anayepiga kengele ya kanisa, na mkewe shangazi Frida aliyenifundisha kutia uzi kwenye sindano. Wasalimie akina mama wa kwaya mmoja mmoja, hasa yule aliyeleta habari zangu. Mwambie simchukii, ila Ijumaa aje anisikilize.

Na Sabina, kama umeifikia mistari hii: marahaba, mwanangu. Weka nguo zako tayari, lakini usizifunge mpaka mama yako aseme.

Ni mimi mdogo wako, niliyefika nyumbani,
Eufrasia